Siku Wifi Alipokataa Kupiga Kengele

Wifi yangu ni mkaidi. Nalisema mimi kwanza, asije mtu akaniambia kama habari mpya. Nimemjua tangu siku kaka alipomleta nyumbani kumtambulisha, na siku hiyohiyo alimwambia mama yangu mzazi kwamba saa ya ukutani imechelewa dakika nne. Mama alikuwa na saa ile miaka kumi na moja na hakuna aliyewahi kuifungulia mdomo. Wifi akapanda juu ya kiti, akairekebisha, akashuka, akaendelea kula. Tulitazamana na dada zangu, tukajua kaka ameoa, au pengine ameolewa.

Kazi yake ilikuwa mtunza kengele wa shule. Mimi nilikuwa mpishi wa shule hiyohiyo, jiko langu hatua chache kutoka kwenye kengele yake, na tulikaa hivyo miaka kumi na tisa tukichokozana kama mawifi wanavyochokozana. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye boriti, pembeni kabisa ya uwanja. Nyundo yake haikukaa popote ila mfukoni mwa gauni lake la kazi. Watoto mia sita na ushee waliingia, wakatoka, wakala na kwenda nyumbani kwa mkono ule. Aliweka pia funguo za stoo, na asubuhi alisimama getini kuwapokea waliochelewa. Siku aliyofiwa na baba yake alipiga kwanza kengele ya kuanza vipindi, ndipo akaenda kulia.

Mambo yalianza na mashine. Walikuja watu wanaopima mitetemo ya ardhi, wanatafuta mahali patulivu pa kuweka chombo chao, wakaipenda stoo yetu ya nyuma kwa kuwa iko mbali na barabara. Wakamwaga zege kidogo sakafuni, wakakaza juu yake kisanduku kisichozidi ukubwa wa sufuria la familia. Walihitaji mtu wa kukitazama kila siku, aone taa ya kijani inawaka na betri ina nguvu, kisha aandike saa na dakika kwenye daftari. Mhandisi wao, binti mmoja mwembamba mwenye mabuti mazito, aliuliza ni nani hapa shuleni anayejali dakika. Shule nzima ilimwonyesha upande mmoja.

Basi mhandisi akawa mgeni wa jiko langu kila alipokuja kukagua, kwa sababu chai ilikuwa kwangu. Siku moja, wifi naye akinywa chai pale, nilimuuliza mhandisi, kwa kebehi tu, hii ardhi inatetemeka kwa baridi au kwa homa. Hakukasirika. Aliniambia, "Mama, hebu lisukume hilo kabati lako la vyombo." Nikalisukuma, halikwenda. "Usiache, endelea." Nikaendelea kusukuma, jasho linanitoka, mara ghafla likaruka mbele kwa kishindo na vikombe vikagongana.

"Hilo ndilo tetemeko," akasema. Akatueleza kwamba ganda la dunia si kipande kimoja, ni mabamba makubwa yanayosogea polepole, mwendo wa kucha zinavyoota. Yanapogusana hukwama. Yanaendelea kusukumana miaka na miaka huku yamekwama, nguvu inajaa, mpaka siku moja panaachia kwenye ufa na mtikisiko unasambaa pande zote. Wimbi la kwanza lina mbio na husukuma, utadhani lori limegonga nyumba. La pili linakuja nyuma yake, linachelewa kidogo, lakini ndilo linalotikisa ubavuni na kuangusha kuta. Hesabu sekunde kati ya la kwanza na la pili, zidisha kwa nane, utapata kwa makadirio kilomita ulizo mbali na pale lilipoanzia tetemeko.

Nilimwona wifi ameacha kunywa chai. Maisha yake yote alikuwa mtu wa dakika, leo amepewa sekunde.

"Haya, na litakuja lini?" nikauliza.

"Hakuna ajuaye. Mtu akikutajia siku na saa, huyo anakudanganya."

"Basi hicho kisanduku chako cha nini?"

"Kinatuonyesha wapi panatikisika na kwa nguvu gani, ili watu wajue wajenge vipi na wakae vipi. Na mkisikia redioni kipimo cha sita, msidhani ni jirani wa cha tano. Kimekizidi nguvu karibu mara thelathini."

Nikasema mimi namwachia Mungu. Wifi akaweka kikombe chini. "Mungu mwachie siku, wifi. Kabati lifunge mwenyewe."

Na alilifunga. Alikuja na bisibisi na vipande vya chuma akalikaza ukutani, sufuria nzito zote akazishusha chini, za juu akaniachia za plastiki. Nikimaliza kupika alinisimamia nifunge gesi kwenye mtungi, si kwenye jiko peke yake. Nikifunga, anasema tena. Nilifungua na kufunga mtungi ule mpaka nikamtukana, mara nyingi kimoyomoyo, mara mbili kwa sauti. Nyumbani kwao ndiyo usiseme. Maji yalijazwa kwenye madumu na kubadilishwa kila mwezi, tochi ilikuwa na msumari wake, na viatu vya kila mtu viliwekwa kwenye mfuko uliofungwa mguu wa kitanda, eti wengi huumia baada ya tetemeko kwa kukanyaga vioo pekupeku. Nilipoviona nilimuuliza kaka kama vina tabia ya kutoroka. Kaka alikuwa mgonjwa wa mgongo mwaka wa pili huo, hafanyi kazi, na alicheka mpaka mgongo ukamkumbusha. Nyumba nzima ilikula kwa nyundo ya wifi. Hilo naomba msilisahau mnaposikia yaliyofuata.

Mhandisi alilizunguka jengo la madarasa, wifi na mimi nyuma yake, akigonga hapa na pale. Jengo letu lina sakafu tatu. Alisema nguzo zina nondo za kutosha na mkanda wa zege umelizunguka vizuri. Likitikiswa litapasuka lipu, vioo vitavunjika, lakini haliwezi kuanguka kirahisi. Alipofika mbele akainua macho, akaacha kugonga. Juu ya mlango mkubwa palikuwa na ukuta wa urembo ambao Mkuu wa shule aliujenga mwaka wake wa kwanza, matofali matupu kimo cha mtu na nusu, jina la shule limeandikwa kwa herufi za dhahabu. Haukuwa na nondo hata moja. Ulikuwa umekaa pale juu kwa uzito wake tu.

"Ardhi yenyewe haiui watu," mhandisi akasema. "Kinachoua ni vitu kama hivi. Chini yake hupita nani?"

Wifi alimjibu kwa sauti ndogo, na sauti ndogo si yake. Chini yake walipita wote. Sheria ya shule ilikuwa kwamba kengele ikipigwa mfululizo, hiyo ni hatari, kila mtoto ateremke mbio na kutokea mlango mkubwa hadi uwanja wa mbele. Sheria ilikuwa ya moto, na kwa moto ilifaa. Hakuna aliyewahi kujiuliza kama dunia ina hatari za aina nyingine.

Wifi akaandika barua, mwandiko wake ulionyooka kama mistari ya daftari. Aliomba mambo mawili. Ukuta ushushwe. Na tetemeko liwe na utaratibu wake: ardhi inapotikisika kengele isipigwe, kila mtoto abaki darasani chini ya dawati, na pakitulia ndipo kengele ipigwe na watoto watokee mlango wa nyuma. Mkuu aliisoma akiwa amesimama. Si mtu mbaya, Mkuu, aliwajua watoto wengi kwa majina na kwa baba zao. Lakini ule ukuta ndio ulikuwa mtoto wake wa kwanza.

"Mama, kengele moja imetutosha miaka arobaini," akasema. "Tukianza kuwa na hatari mbilimbili tutawachanganya watoto. Na ule ni uso wa shule. Huwezi kuniambia niukate uso." Akaitia barua mtotoni mwa meza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu wetu ukuta alikwisha kuujenga, ufa akaiachia dunia.

Mtu mwingine angeishia hapo. Wifi alirudi getini kwa wachelewaji wake.

Zamani adhabu ya kuchelewa ilikuwa kufagia. Kuanzia wiki ile ikawa nyingine. Aliwaingiza kwenye darasa tupu la chini, akasema neno moja, "Tetemeko," na kila mmoja alitakiwa kupiga magoti, kuingia chini ya dawati, kukinga kichwa na shingo kwa mkono mmoja na kwa mwingine kushika mguu wa dawati, maana dawati nalo hutembea na ukiliachia linakuacha. Walikaa hivyo sekunde sitini anazozihesabu yeye, kisha aliwatoa mlango wa nyuma, mikono vichwani. Asiye na dawati ajikunje kando ya ukuta wa ndani, mbali na madirisha. Asikimbie. "Ukikimbia unaanguka ngazini," alikuwa akisema, "na usipoanguka wewe, kitakuangukia kitu. Ukiwa ndani baki ndani. Ukiwa nje baki nje, kaa mbali na kuta." Baada ya mwezi mmoja idadi ya wachelewaji iliongezeka maradufu. Walikuwa wakijificha nyuma ya ukuta wa jirani kusubiri geti lifungwe ili waje kuingia chini ya madawati. Bingwa wao alikuwa msichana mmoja waliyemwita Konokono, ambaye nadhani hakuwahi kuusikia wimbo wa asubuhi tangu aanze shule.

Mimi nilicheka sana. Binti yangu wa mwisho alikuwa sakafu ya juu kabisa, na nilijisifu mbele ya kila mtu kwamba mwanangu hajachelewa hata siku moja, kwa hiyo hana haja ya kutambaa kama mende. Wifi aliniomba mara tatu nimruhusu amfundishe. Mara zote tatu nilikataa, na nilikataa kwa madaha.

Habari zikawafikia wazazi. Wapo waliosema mtunza kengele anaita balaa, ukilitajataja jambo litakuja. Mkuu alimwita ofisini mbele ya walimu wote, na mimi nilikuwa pale na birika.

"Mama," akasema, "asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Wifi akainua pindo la gauni kidogo, akautoa mguu mbele. "Guu langu hili hapa, Mwalimu, zima. Nayahofia ya watoto."

Walimu walicheka kwa kuficha midomo, jambo lililoongeza hasira. Alipewa onyo la maandishi: akirudia mazoezi yake, atamwaga unga. Alilikunja vizuri, akalitia mfuko uleule wa nyundo. Kesho yake waliochelewa hawakufanya zoezi lolote. Waliambiwa waokote takataka chini ya madawati, wakiwa wamepiga magoti, mkono mmoja shingoni, kwa sekunde sitini. Ukimuuliza, anakuambia shule ni chafu.

Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika kumi na saba. Dakika naijua kwa sababu yake.

Nilikuwa nakoroga. Kishindo kikaja kutoka chini ya miguu, kizito, kama lori limegonga ukuta wa nyuma, na vifuniko vyote vikaruka mara moja. Mkono wangu ulikwenda kwenye mtungi ukafunga gesi kabla sijauambia kitu. Nikatoka nje. Wifi alikuwa amekwisha kusogea mbali na boriti ya kengele, amesimama wazi uwanjani, nyundo ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili, na anahesabu.

"Mbili. Tatu."

Mkuu alitoka mbio mlango mkubwa, akashuka ngazi, akafika kwenye mlingoti wa bendera, shati limechomoka. Nilikuwa sijawahi kumwona bila koti. "Piga kengele! Mama, piga!"

"Sipigi," wifi akasema. "Nne."

Jamani, mimi nilikuwa na mtoto juu kule. Sakafu ya tatu. Nilichokijua kuhusu hatari kilikuwa kimoja tu, kwamba kengele hulia na watoto hutoka, na huyu mwanamke amesimama na nyundo ya kumwokoa mwanangu kifuani anafanya hesabu. Nikamrukia. Nilivuta nyundo, haikutoka. Nilimvuta nywele. Nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu na sitayarudia hapa. Halafu nikainamisha kichwa nikamng'ata mkono, nikamng'ata kwa nguvu zote za taya, mpaka nikasikia ladha ya damu. Alipiga ukelele. Hakuachia.

"Saba," akasema, na ndipo la pili lilipofika.

Wote wawili tulianguka. Ardhi ilikwenda kushoto ikarudi kulia, haina simile, na kutoka kwenye jengo ukaja mngurumo wa madawati yanayoburutwa na vioo vinavyovunjika sakafu baada ya sakafu. Wifi alikuwa amelala juu ya nyundo, na mimi nilikuwa nimelala juu yake, bado nampiga mgongoni kwa ngumi. Sikuwa nalia, nilikuwa nampiga tu. Yeye alikuwa anahesabu mdomo ukiwa kwenye vumbi. Alipofika ishirini na mbili, ule ukuta wa urembo ulijipinda kwa mbele, ukakaa hivyo kidogo, ukaja chini wote kwa mkupuo. Matofali yalizifunika ngazi zote mpaka nusu ya uwanja. Herufi moja ya dhahabu ilibingirika ikasimama karibu na miguu ya Mkuu.

Chini ya yale matofali hapakuwa na mtu.

Niliacha kupiga. Nilitazama lile rundo, na hesabu nikaifanya mwenyewe, mimi nisiyejua hesabu: sekunde ishirini na mbili, watoto mia sita, ngazi moja. Wa sakafu ya chini na ya kati wangekuwa pale pale. Mwanangu ana miguu myepesi, angekuwa wa kwanza kutoka juu. Nilisikia baridi kwenye meno yaleyale niliyomng'atia.

Kulitulia alipofika arobaini na moja. Alisubiri tena kidogo. Akainuka, gauni limejaa damu na vumbi, akaenda kwenye reli iliyokuwa bado inabembea, akaishika ikatulia, ndipo akaipiga. Watoto walitokea mlango wa nyuma, darasa kwa darasa, mikono vichwani. Waliowaongoza hawakuwa viranja. Walikuwa wachelewaji. Kila darasa lilikuwa na wanne watano waliozama chini ya madawati kabla mwalimu hajafumbua mdomo, na wengine wakawaiga. Binti yangu alikuja na sketi iliyochanika mshono mzima. Alisema alikuwa anakimbilia mlangoni, Konokono akamdaka sketi akamvuta chini na hakumwachia. Nilikaa chini kwenye nyasi nikalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya shule nzima.

Watoto kumi na mmoja walikatwa na vioo. Mwalimu mmoja aliyekimbia alianguka ngazini akavunjika mfupa wa bega. Basi. Mitetemo mingine midogo ilifuata mchana ule na wiki nzima, na wifi, mkono umefungwa kitambaa, aliwazuia watu wasirudi ndani kuchukua hata kalamu. "La kwanza halisafiri peke yake," aliwaambia. Mhandisi alipopiga simu, wifi alimtangulia: sekunde saba, kilomita hamsini na sita. Mashine zao baadaye zilisema hamsini na tisa.

Upande wa pili wa mji kuna shule nyingine yenye sheria kama yetu. Kengele yao ilipigwa. Walizika watatu.

Siku ya nane tuliitwa ofisini, wifi na mimi. Mezani palikuwa na fomu kutoka kwa wakubwa wa elimu, wale wanaotunga sheria za shule zote. Swali la sita liliuliza kama ishara ya hatari ilitolewa mara moja, na kama haikutolewa, sababu ni nini. Mkuu alikuwa amekwisha kuijaza kwa mashine ya chapa: mtunza kengele alipatwa na hofu kuu akashindwa kutimiza wajibu wake. Ilikuwa imebaki sahihi ya wifi, na sahihi yangu kama shahidi. Mahali pa kueleza kilichoanguka paliandikwa "sehemu ya mapambo".

"Mama, hii inakulinda," Mkuu akasema, na alisema kwa upole. Macho yake yalikuwa yamezama, nadhani hakuwa analala. "Mtu akishikwa na hofu anasamehewa. Kukaidi amri wakati wa dharura hakusameheki. Nina nakala ya onyo lako la kwanza kwenye faili. Saini, kazi yako ibaki. Mume wako mgonjwa."

Wifi aliisoma mpaka mwisho, kisha akairudia. Nilimjua, nikaogopa. Nilimwazia kaka na mgongo wake, na watoto wao wawili wanaosoma, na nilitamani asaini. Nakiri hilo. Nilimkanyaga mguu chini ya meza.

"Rula iko wapi?" akasema.

Mkuu akampa. Wifi akaiweka juu ya ule mstari wa hofu, akaukata kwa wino, mnyoofu, mwanzo hadi mwisho.

"Hofu nilikuwa nayo, Mwalimu. Nilikuwa nayo nyingi kuliko yako. Lakini si hofu iliyoshika nyundo. Hii karatasi inakwenda kwa wenye sheria. Wakisoma kwamba niliogopa, wataandika sheria mpya kwamba watunza kengele wasiwe waoga, na kengele itapigwa tena, kwetu na kwa wale wenzetu waliozika. Mimi sikushindwa kupiga. Nilikataa kupiga." Na hayo ndiyo aliyoyaandika, kwa mwandiko ule ulionyooka: nilikataa kwa makusudi, kwa kuwa kengele ingewaleta watoto chini ya ukuta usio na nondo, ambao nilitoa taarifa yake kwa barua. Akaweka tarehe ya barua. "Sehemu ya mapambo" akaikata nayo, akaandika "ukuta".

"Unajua umejifukuza kazi," Mkuu akasema.

"Kusoma najua, Mwalimu. Hata lile onyo nililisoma." Akasaini, akaangalia saa, akaandika na dakika.

Fomu ikasogezwa kwangu. Mkuu alinitazama kama mtu anayeomba maji. Mimi pia nilikuwa na jiko la kupoteza. Nikachukua kalamu, nikaandika pale pa shahidi: mimi ndiye niliyetaka kengele ipigwe, mwanangu alikuwa juu, nilimng'ata mkono wa kushoto ili aachie na hakuachia, na mwanangu yu hai. Nikasaini.

Alifukuzwa kesho yake. Mimi walinipa wiki moja zaidi, mpaka wapate mpishi. Mpaka leo ninaposimulia haya hakuna aliyeturudisha. Sasa hivi tunapika pamoja kwenye kibanda, kaka anamenya viazi akiwa amekaa, na siku mbili kila wiki wifi anafunga kitambaa kichwani anakwenda shule kwa shule. Hakuna anayemwalika. Anabisha hodi, anauliza kengele yenu ikipigwa watoto hupita chini ya nini, na anakaa hapo hapo mpaka ajibiwe. Shule nne zimemfukuza, mbili zimemruhusu. Kwenye moja ya zile nne alirudi, nayo ikamruhusu.

Lakini pale ukumbini, tulipotoka ofisini, hayo yote tulikuwa hatujayajua. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kumwomba radhi, maana siku nane zilikuwa zimepita na nilikuwa sijaweza. Yeye ndiye aliyeanza.

"Umeandika nini kule?"

"Nimeandika kwamba nilikung'ata."

"Mkono upi?"

"Wa kushoto."

Akasimama. Akainua wa kulia, wenye kitambaa, akauleta mbele ya uso wangu. "Wifi, ile ni karatasi ya serikali. Rudi ukarekebishe."

Nikarudi.